Mmoja alichukua mashamba, mwingine jina

KILO moja ya zabibu ikikamuliwa na maji yake yakachachuka vizuri, hutoa karibu chupa moja ya mvinyo mweupe. Hesabu hiyo haitofautiani sana, iwe Hombolo mkoani Dodoma au katika milima ya kusini mwa Italia. Kinachotofautiana ni bei ya hiyo kilo na bei ya hiyo chupa, na zaidi ya yote, ni nani anayeondoka na fedha zilizo katikati.

Ipo familia moja iliyowahi kulipima jambo hilo kwa njia ambayo hakuna mchumi angethubutu kuishauri. Ni familia ya Mastroberardino ya mji wa Atripalda, jirani na Avellino, kiasi cha kilomita 50 mashariki ya Napoli. Mwaka 1994 familia hiyo, ambayo ilikuwa ikifanya biashara ya mvinyo kwa pamoja vizazi kwa vizazi, iligawanyika. Upande mmoja ulichukua sehemu kubwa ya mashamba. Upande mwingine ukabaki na ghala, mitambo na jina.

Uzito wa mgawanyo huo hauonekani mpaka mtu azifahamu zabibu zenyewe, maana hizi si zabibu za kawaida ambazo mtu anaweza kwenda kuzinunua kwa jirani bei ikipanda.

Zabibu zisizo na haraka

Eneo hilo la milima huitwa Irpinia. Ardhi yake ni mchanganyiko wa mfinyanzi, chokaa na majivu ya volkano yaliyorushwa na mlima Vesuvius kwa karne nyingi. Mchana wa kiangazi ni wa joto lakini usiku hupoa, na baridi yake ni kali kuliko wengi wanavyodhani wanaposikia habari za kusini mwa Italia. Mizabibu mingi ipo kwenye miteremko kati ya mita 300 na 600 juu ya usawa wa bahari.

Humo zinastawi aina mbili za zabibu nyeupe za asili. Ya kwanza ni Fiano. Punje zake ni ndogo, ganda ni nene, na mzabibu wake hauzai sana. Utamu wake huwavuta nyuki, na wenyeji husimulia kwamba hata jina lake limetokana na neno la Kilatini la nyuki. Ya pili ni Greco, ambayo inasifika zaidi inapotoka kijiji cha Tufo na vijiji vinavyokizunguka. Zote mbili huchelewa kuiva, na mara nyingi uvunaji huingia mwezi Oktoba, wakati mashamba mengi ya zabibu nyeupe barani Ulaya yameshamaliza kazi.

Tufo ina historia ambayo mkulima wa korosho wa Mtwara ataielewa haraka. Mwaka 1866 iligundulika salfa chini ya ardhi ya kijiji hicho, na machimbo yake yaliendelea kufanya kazi mpaka mwaka 1983. Sehemu ya salfa hiyo ilipelekwa kwenye mashamba ya mizabibu kwa ajili ya kuzuia ubwiriunga, kazi ileile inayofanywa na salfa kwenye mikorosho. Kwa hiyo wakulima wa Tufo walikuwa na dawa yao chini ya miguu yao.

Ubaya wa zabibu hizi kibiashara ni uzazi mdogo. Kisheria, hekta moja ya Fiano di Avellino au Greco di Tufo hairuhusiwi kuvunwa zaidi ya tani 10 za zabibu, na si zaidi ya asilimia 70 ya uzito huo inayoweza kugeuzwa mvinyo. Maana yake ni lita 7,000 kwa hekta, au chupa kama 9,300 za mililita 750. Ekari moja, kwa kipimo hicho, haifikishi chupa 4,000. Na hicho ni kiwango cha juu kabisa. Wapo wakulima wanaovuna pungufu kwa makusudi kwa kukata baadhi ya vichala mapema ili vinavyobaki vipate nguvu. Zabibu aina ya Trebbiano, inayolimwa karibu kila mahali nchini Italia, inaweza kutoa hata mara mbili ya hapo bila taabu, na haihitaji kubembelezwa.

Mchuzi uliosafirishwa kwa reli

Wakulima wa Dodoma wanalijua neno "mchuzi", yaani mvinyo ghafi unaouzwa kwa jumla kwa viwanda vyenye uwezo wa kujaza chupa. Irpinia nayo ilikuwa nchi ya mchuzi. Mwishoni mwa karne ya 19, mdudu mdogo wa jamii ya vidukari, anayejulikana kama filoksera, alikuwa ameangamiza mizabibu ya Ufaransa kwa kushambulia mizizi. Mashamba ya Irpinia yalikuwa bado hayajaguswa, na wafanyabiashara wa mbali wakaanza kununua huko. Mwaka 1895 ilikamilika reli ya kutoka Avellino hadi Rocchetta Sant'Antonio, na mvinyo ulisafirishwa kwa wingi kiasi kwamba reli hiyo ilipewa jina la reli ya mvinyo. Ulienda ukiwa ndani ya mapipa. Ulipofika huko uendako ulichanganywa na mvinyo mwingine, na mnywaji hakujua kamwe kwamba kuna mahali panaitwa Irpinia.

Familia ya Mastroberardino ilikuwa na wazo jingine. Angelo Mastroberardino alisajili kampuni katika chemba ya biashara ya Avellino mwaka 1878, na mwanawe Michele akaendeleza kazi ya kuuza nje ya nchi mvinyo wenye jina lake na jina la mahali ulikotoka. Wakati majirani wakijaza mabehewa, wao walikuwa wanajaza chupa.

Kisha yakaja mabaya kwa mfululizo. Filoksera ilifika hatimaye kusini. Dawa pekee ya uhakika ilikuwa kung'oa mizabibu na kupanda upya miche iliyobebeshwa juu ya mashina ya Kimarekani ambayo mizizi yake inamstahimili mdudu huyo, kazi inayogharimu fedha na miaka mitatu au minne ya kusubiri mavuno ya maana. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ikafunga masoko. Michele alifariki mwaka 1945. Vijana wa Irpinia walipanda meli kwenda Marekani na Argentina, wengine wakaenda viwandani kaskazini mwa Italia na Ujerumani.

Waliobaki walipewa ushauri ambao kwa hesabu ya karatasi haukuwa na kasoro. Kwa kuwa ni lazima kupanda upya, kwa nini kurudia Fiano inayozaa kidogo? Pandeni Trebbiano, au Sangiovese kwa mvinyo mwekundu, mpate tani nyingi kwa hekta na mlipwe kwa kilo. Wakulima wengi waliufuata, na hakuna wa kuwalaumu. Mtu anayelipwa kwa kilo hulima kilo.

Antonio na miche yake

Antonio Mastroberardino, mtoto wa Michele, alizaliwa mwaka 1928 na kusomea kemia. Baada ya vita yeye na ndugu zake walikuta ghala limechoka na mashamba ya Fiano yamebaki vipande vipande, mengine mizabibu michache tu iliyosahauliwa pembeni mwa shamba la mtu. Akaanza kukusanya pingili kutoka kwenye mizabibu hiyo, kuzibebesha na kuzipanda tena. Alifanya hivyo kwa Fiano, kwa Greco, na kwa Aglianico, zabibu nyekundu ya asili inayotoa mvinyo wa Taurasi.

Wengi wamemwita mtunzaji wa urithi, na sifa hiyo anastahili. Lakini ni vizuri kukumbuka kwamba alikuwa mfanyabiashara pia. Trebbiano ya Irpinia ingeshindana na Trebbiano ya Italia nzima, na mwenye shamba tambarare na trekta angeuza kwa bei ya chini siku zote. Mteremko wa Lapio haushindi kwa tani. Kitu ambacho tambarare haikuwa nacho ni Fiano, na kwa hiyo Fiano ndiyo iliyokuwa mtaji, hata kama wakati ule haikuwa na bei.

Elimu yake ya kemia ilisaidia. Mvinyo mweupe huharibika upesi kuliko mwekundu. Katika mvinyo mwekundu maganda huchachuka pamoja na maji, na hutoa vitu vinavyousaidia kujilinda. Mvinyo mweupe hauna kinga hiyo, maana maji hutenganishwa na maganda mwanzoni. Zabibu huvunwa kwa mkono na kuwekwa kwenye kreti ndogo zisipondane. Hukamuliwa taratibu, maji hupozwa na kuachwa yatulie ili tope lishuke chini, ndipo hamira ianze kazi ya kugeuza sukari kuwa kilevi. Joto likiachwa lipande, harufu nzuri yote hupotea na kinachobaki ni kinywaji kizito chenye rangi ya chai. Ndiyo maana matangi ya chuma kisichoshika kutu, ambayo yanaweza kupozwa kwa nje, yaliubadilisha kabisa mvinyo mweupe wa nchi za joto katika nusu ya pili ya karne ya 20. Uchachushaji uliokuwa ukimalizika kwa siku chache za vurugu sasa huenda polepole kwa wiki kadhaa. Baada ya hapo mvinyo hupumzika juu ya masalia ya hamira kwa miezi, na chupa hujazwa mwaka unaofuata.

Fiano iliyotengenezwa hivyo ilionyesha tabia ambayo mvinyo mweupe mwingi hauna. Ikihifadhiwa vizuri inaweza kukaa miaka 10 na kuzidi, na ikazidi kuwa nzuri. Kwa mfanyabiashara hiyo si habari ya ladha peke yake. Mali inayoweza kusubiri soko ina nguvu kuliko mali inayotafuta mnunuzi leo hii.

Jina linapolindwa

Kazi ya familia moja isingetosha kama jina la mahali lingeendelea kuwa mali ya yeyote mwenye mashine ya kuchapa lebo. Mwaka 1963 Italia ilitunga sheria ya kulinda majina ya mvinyo kulingana na mahali unakotoka. Greco di Tufo iliingizwa kwenye ulinzi huo mwaka 1970 na Fiano di Avellino mwaka 1978, katika daraja linalojulikana kwa kifupi kama DOC. Mwaka 2003 zote mbili zilipandishwa hadi DOCG, daraja la juu kabisa.

Masharti yake ni ya kiserikali hasa. Zabibu lazima zitoke ndani ya mipaka iliyotajwa: maeneo ya miji na vijiji 26 kwa Fiano di Avellino, na 8 tu kwa Greco di Tufo. Angalau asilimia 85 ya mvinyo lazima itokane na zabibu yenyewe. Mvinyo hupimwa maabara na kuonjwa na kamati kabla ya kuingia sokoni, na kila chupa hubandikwa utepe wa serikali wenye namba. Ukihesabu tepe unajua chupa ngapi zimetoka, na ukijua hekta unajua chupa ngapi zilistahili kutoka. Mwenye hekta moja akileta maombi ya tepe 15,000 atapaswa kueleza nyingine zimetoka wapi.

Wakati yote haya yanajengwa, usiku wa tarehe 23 Novemba 1980 tetemeko la ardhi liliipiga Irpinia na kuua watu wapatao 2,900. Ghala la Atripalda lilikuwa miongoni mwa majengo yaliyoharibiwa, likabidi lijengwe upya. Baada ya ujenzi huo mpya biashara ya mvinyo katika eneo zima ilipata wawekezaji wengine, mmojawapo Feudi di San Gregorio iliyoanzishwa mwaka 1986. Nyumba ya Mastroberardino, iliyokuwa imezoea kuwa karibu peke yake kuuza mvinyo wa Irpinia ng'ambo, sasa ilikuwa na washindani waliokuwa wakiuza zabibu zilezile ilizozihifadhi.

Mgawanyo

Hapo ndipo ikaja 1994. Antonio alibaki Atripalda na ghala na jina la Mastroberardino. Ndugu yake Walter, pamoja na watoto wake, walichukua sehemu kubwa ya mashamba na kuanza kujaza chupa zao kwa jina la Terredora, makao yake yakiwa Montefusco.

Fikiria hali ya kila upande asubuhi ya siku ya kwanza. Mmoja ana wateja Marekani, Uingereza na Ujerumani wanaolijua jina lake kwa miongo, lakini hana zabibu za kutosha, na za kutafuta haziwezi kununuliwa nje ya eneo lililotajwa na sheria. Mwingine ana mizabibu iliyokomaa ya Fiano na Greco, tena kwenye miteremko mizuri, lakini akimpigia simu mwagizaji wa New York atalazimika kwanza kueleza yeye ni nani.

Nyumba ya Atripalda ililazimika kununua zabibu kwa wakulima na wakati huohuo kutafuta ardhi na kupanda. Leo ina mashamba katika sehemu kadhaa za Irpinia, kama vile Santo Stefano del Sole kwa Fiano na Mirabella Eclano, ambako ndiko liliko shamba lake kubwa. Antonio alifariki Januari 2014. Mwanawe Piero, ambaye pia ni profesa wa usimamizi wa biashara katika Chuo Kikuu cha Foggia, ndiye aliyeshika usukani. Jina lilipewa nguvu zaidi kwa kazi moja ya ajabu: mwaka 1996 nyumba hiyo ilipewa ruhusa na mamlaka ya mambo ya kale kupanda mizabibu ndani ya magofu ya Pompeii, mji uliofukiwa na Vesuvius mwaka 79, na mvinyo wa mavuno ya 2001 ukatolewa mwaka 2003. Ule ulikuwa mvinyo mwekundu na chupa zake zilikuwa chache mno kuleta faida yoyote ya maana, lakini hakuna tangazo la kulipia ambalo lingesomwa na watu wengi kiasi kile.

Terredora nayo haikufa. Ilichukua miaka kulijenga jina, na ililijenga kwa kusema jambo moja tu: zabibu zetu tunalima wenyewe. Ilipoingia karne mpya, kampuni zote mbili zilikuwa zikiuza nje ya nchi.

Ukitaka kujua kipi kilikuwa na thamani zaidi kati ya shamba na jina, mgawanyo huu hautoi jibu rahisi, na pengine ndiyo sababu unafaa kutazamwa. Mwenye jina alitumia fedha zake kupata mashamba. Mwenye mashamba alitumia fedha zake kupata jina. Kila mmoja alikuwa na nusu iliyomwezesha kununua nusu nyingine. Walioumia ni wale ambao hawakuwa na hata nusu, yaani waliong'oa zabibu zao za asili miaka ya nyuma na kubaki na Trebbiano ambayo haina pa kuandikwa.

Wa ekari moja

Irpinia ni nchi ya wakulima wadogo, wengi wenye hekta moja au chini ya hapo. Kwa miaka mingi kazi yao iliishia kwenye mzani wa mnunuzi. Zabibu zikishaiva hazingoji majadiliano, na mnunuzi anajua hivyo kuliko mkulima mwenyewe. Mkulima wa Dodoma mwenye Makutupora nyekundu au Chenin Blanc nyeupe, ambaye huvuna mara mbili kwa mwaka na kukuta wanunuzi ni walewale wachache, hahitaji kuelezwa. Yeye ana shida ya ziada: Chenin Blanc asili yake ni bonde la mto Loire nchini Ufaransa, na Afrika Kusini inayo kwa maelfu ya hekta. Anayeuza mvinyo mweupe wa Dodoma hawezi kujivunia aina ya zabibu, itabidi ajivunie Dodoma yenyewe.

Huko Irpinia mambo yalianza kubadilika miaka ya 1990. Mwaka huohuo wa 1994, katika kijiji cha Lapio, shamba la familia la Colli di Lapio lilianza kutoa chupa zake za Fiano, na wengine wakafuata, kijiji kwa kijiji. Si kazi ya kukurupukia. Kuna tangi na umeme wa kulipoza, chupa, vizibo, lebo, utepe, kodi, na fedha ambazo zimelala ghalani tangu Oktoba mpaka mwaka unaofuata wakati watoto wanataka ada. Wengi walianza na chupa elfu chache na kuendelea kuuza zabibu zilizobaki kwa nyumba kubwa, mchanganyiko ambao kwa mkulima mwenye mtaji mdogo ni wa busara kuliko kuruka kwa miguu yote miwili.

Siku hizi zabibu aina ya Fiano imesafiri. Inalimwa Sicilia na Puglia, na hata Australia, katika McLaren Vale, ambako wameona inavumilia joto. Pingili haina mpaka, na hakuna sheria inayomzuia mtu kuandika neno Fiano kwenye chupa yake. Asichoweza kuandika ni Fiano di Avellino.

Kila msimu wa mavuno bado wapo wakulima wanaofikisha kreti zao kwenye milango ya nyumba kubwa na kulipwa kwa uzito, kama baba zao. Bei bado ni ya kubishania, na mwaka wa mvua nyingi au mvua ya mawe bado ni mwaka mbaya. Ila mnunuzi anayetaka kuandika jina hilo kwenye lebo hawezi tena kupakia lori lake na kwenda kutafuta za bei nafuu mkoa wa pili.